Fundi wa Makopo

Ukitaka kumkasirisha Ezio Pavanello, usihangaike kumtukana. Mwambie tu aite fundi. Fundi yeyote yule, wa bomba, wa umeme, wa meno. Jino lake la nyuma alilitoa mwenyewe kwa koleo, nyuma ya kiwanda cha sukari, saa ya chai, na ufizi ukamvimba wiki tatu hata akawa anaongea kwa upande mmoja wa mdomo. Muulize leo, atakwambia lilitoka vizuri sana.

Alizaliwa hapa hapa Ingham, mji wetu wa miwa kaskazini mwa Queensland, Australia, katika nyumba ile ile anayoishi mpaka sasa, nyumba ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo. Baba yake aliijenga kwa jasho la kukata miwa, enzi miwa inakatwa kwa panga. Baba alikuwa mtu wa kazi za mikono, hilo halina ubishi, na ukiitazama nyumba unaona. Mtoto alirithi nyumba, akadhani amerithi na mikono. Thubutu! Kiwandani alifanya kazi miaka arobaini na moja kama fundi msaidizi, na kila alichokifunga yeye ilibidi mwenzake akifungue kimya kimya akifunge upya. Wenzake walimpenda, ndiyo maana hawakumwambia. Wangemwambia, labda yaliyokuja yasingekuja.

Chini ya nyumba, katikati ya nguzo, alikuwa na rafu yake ya makopo. Kopo la mende, la nzi, la sisimizi, la buibui, la viroboto, na moja kubwa jekundu lililochorwa kila mdudu aliyeumbwa, wote wamelala chali. Aliyanunua supamaketi, na alisoma picha ya mbele tu. Maandishi ya nyuma, alisema, yamewekwa kwa ajili ya waoga.

Ingham nzima inajua habari ya mabomu ya moshi. Mwaka ule mende walizidi jikoni, na Ezio akanunua vile vikopo unavyovitega chini, unavibonyeza, vinafuka dawa chumba kizima. Kimoja kinatosha nyumba ndogo. Ezio alitega sita kwa mpigo, akafunga madirisha, akampeleka mkewe Lidia misani. Walipotoka kanisani wakakuta gari la zimamoto uani, na jirani yao, Bi Tilbrook, amesimama barabarani na gauni la kulalia, maana aliona moshi akajua watu wanaungua. Ndege wawili wa manjano wa Lidia, ambao Ezio aliwasahau barazani nyuma, walikuwa wamekufa ndani ya tundu. Mende walikuwa wamehamia kwa Bi Tilbrook. Walikaa huko wiki mbili, wakarudi, na wakaja wengi zaidi.

"Lakini uliona walivyokimbia?" Ezio alimwambia mkewe.

Kukimbia! Mende hukimbia hata ukiwasha taa. Lidia aliwazika ndege wake chini ya mlimao, na tangu siku hiyo hakufuga tena.

Sasa, Lidia alikuwa na jambo moja tu moyoni, na kila aliyemjua alilijua. Binti yao wa pekee, Renata, alikuwa Brisbane, mbali huko kusini, mwaka wa kumi na nne, ameolewa na Callum, ana mabinti wawili ambao bibi yao aliwaona Krismasi kwa Krismasi. Kila Jumapili walipigiana simu, na kila Jumapili Lidia akikata simu alikwenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Halafu, mwezi wa tano, Renata akasema, "Mama, tunarudi. Callum amepata kazi hospitali ya hapo kwenu. Mnaonaje tukikaa na nyinyi? Vile vyumba viwili vya nyuma vinatutosha."

Lidia alilia hadi simu ikalowa. Ezio naye alijifanya anatafuta miwani, na miwani ilikuwa puani.

"Ila kuna kitu kimoja, baba," Renata alisema simu ilipomfikia mzee. "Callum anataka nyumba ikaguliwe mchwa kwanza. Na fundi wa wadudu, mwenye cheti. Si wewe."

"Si mimi kwa nini?"

"Baba."

"Haya, haya. Itakaguliwa."

Lidia alianza siku hiyo hiyo kupaka rangi vyumba vya nyuma. Manjano, kwa sababu mjukuu mdogo alisema anapenda manjano.

Mwezi wa sita baridi iliingia, na baridi ikiingia watu wetu wenye asili ya Italia wanatengeneza salami, zile soseji nene za kukaushwa. Binamu yake Ezio, Bepi, alikuja na nyama ya nguruwe mzima, wakashinda chini ya nyumba wakisaga, wakitia chumvi na pilipili manga na kitunguu saumu, wakishindilia kwenye utumbo wake, wakifunga kamba. Mwisho wakazitundika kwenye boriti kubwa inayobeba sakafu, kama alivyofanya baba yake Ezio. Tofauti ni moja. Miaka mitatu nyuma Ezio alijitia wasiwasi kwamba uzito wa salami utaipinda boriti, boriti inayobeba nyumba nzima na jiko na kabati na Lidia. Akachukua nguzo ya mti wa kawaida, akaichimbia ardhini, akaisimamisha wima mpaka ikaigusa boriti kwa chini. Bepi alimwambia haina kazi. Ezio akamwambia Bepi aendelee kusaga nyama.

Bepi ndiye aliyeona. "Ezio, hebu njoo. Huu udongo ni wa nini?"

Njia nyembamba ya udongo, upana wa kidole, ilikuwa imepanda na ile nguzo kutoka ardhini hadi kwenye boriti. Ezio aliipasua kwa kucha. Ndani mchwa weupe walikuwa wakipishana, wanapanda na kushuka, wana haraka zao.

Lidia hakungoja ruhusa ya mtu. Alipanda ngazi akapiga simu, na saa tisa alasiri Karina Braddick, fundi wa wadudu, akasimamisha pikapu yake uani. Karina ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, mfupi, suruali yake imechakaa magotini kwa kutambaa chini ya nyumba za watu. Alitambaa, akagonga mbao kwa mpini wa bisibisi, akatega sikio, akagonga tena. Alipomaliza akaketi juu ya ndoo.

"Mna bahati," alisema. "Wako kwenye hii nguzo, na kipande cha boriti hapo juu. Ukutani bado hawajaingia. Mzee, zile nguzo nyingine zote zina kofia ya bati juu. Baba yako aliziweka za nini?"

"Kuzuia mchwa. Kila mtoto anajua."

"Na hii isiyo na kofia aliisimamisha nani?"

"Nani mwingine?" Lidia akadakia.

"Basi umewawekea ngazi, mzee wangu."

Bepi aligeukia ukuta, mabega yanamtikisika. Ezio akawa mwekundu mpaka shingoni.

"Sasa nisikilizeni," Karina aliendelea. "Msiwaguse tena. Msipulizie kitu. Hawa mnaowaona ni vibarua tu. Malkia wao yuko kwenye kichuguu, pengine huko kwenye shamba la miwa la jirani. Alhamisi nakuja na chambo changu, nakiweka hapa hapa wanapopita. Wanakula, wanakipeleka nyumbani, wanalishana, na malkia analishwa. Baada ya miezi michache ukoo mzima umekwisha. Lakini lazima wawe hai na wawe hapa. Wakishtuka wakahama, mimi sina wa kumlisha."

"Ngoja nielewe," Ezio alisema, mikono kiunoni. "Nikulipe wewe, uje nyumbani kwangu, uwalishe mchwa wangu?"

"Ndiyo hivyo."

"Na wakishiba tuwaletee na kahawa?"

"Mzee, ukipulizia utaua mia. Waliobaki ni laki kadhaa, na watatafuta njia nyingine usiyoiona. Ni hilo tu ninalokuomba. Mpaka Alhamisi."

Siku tatu! Mtu kaombwa akae siku tatu bila kufanya upumbavu. Ilikuwa Jumatatu. Jumanne Lidia alikwenda sokoni kutafuta pazia za wajukuu, na kabla hajamaliza kona Ezio alikuwa chini ya nyumba na lile kopo jekundu. Alibomoa njia yote ya udongo kwa patasi, akapuliza. Akapuliza nguzo, akapuliza boriti, akapuliza kila ufa, na kopo lilipoisha akafungua la mende, na la mende lilipoisha akamalizia la viroboto. Mchwa walianguka chini, akawafagia kwa raha zake. Alisimama hapo anahema, mtu mzima wa miaka sitini na tisa, anajiona jemadari.

Hapo ndipo alipoinua macho. Salami hamsini na nane zilikuwa zinaning'inia juu ya kichwa chake, zinameremeta dawa.

Mwenye akili angepiga kelele, angekiri, mambo yakaisha. Ezio alichukua kitambaa na siki, akazifuta moja moja, akamaliza kabla Lidia hajarudi na pazia.

Karina alipokuja Alhamisi alitambaa kwa nusu saa. Alitoka anajipangusa magoti, na sura yake ilikuwa imebadilika.

"Umepulizia."

"Nimewamaliza," Ezio alisema. "Tazama mwenyewe. Kuna hata mmoja?"

"Hakuna. Ndiyo shida. Wako mahali fulani, na mimi sijui ni wapi. Niruhusu niingie ndani nipime kuta, na nirudi kila mwezi."

"Binti, umekuta mchwa?"

"Sijakuta, lakini..."

"Basi safari njema."

Karina alimtazama Lidia, aliyekuwa kwenye ngazi na brashi ya rangi mkononi. Na hapa lazima tuseme ukweli, hata kama unauma. Lidia angeweza kusema neno. Alikuwa amesikia yote. Lakini ukuta wa chumba cha wajukuu ulikuwa umepakwa nusu, mchwa kweli hawaonekani, na aliwataka watoto wale kiasi kwamba aliamua kuamini. Alishusha macho. Karina akaondoka.

Jumapili simu ikalia. "Baba, mmekaguliwa?" Renata akauliza.

"Fundi amekuja mara mbili. Alhamisi hakukuta mchwa hata mmoja. Nyumba safi."

Kila neno kweli, na yote pamoja uongo mtupu. Huko Brisbane Callum akatoa taarifa kwa mwenye nyumba yao, na watoto wakaandikishwa shule ya hapa. Klabuni, wastaafu wakicheza karata, Ezio alisimulia vita vyake na mchwa kila Ijumaa, na kila Ijumaa mchwa waliongezeka ukubwa. "Hawa mafundi wa wadudu," alisema, "wanaishi kwa woga wa wanawake. Kopo moja, rafiki yangu. Kopo moja tu!" Yalikuwa matatu.

Mwezi wa nane salami zilikuwa zimekauka, na Bepi akaja na mkate na divai kama ilivyo desturi. Alikata kipande, akatafuna mara mbili, akakitema kwenye nyasi.

"Ezio! Umeweka nini humu? Mafuta ya taa?"

"Acha maringo. Ni pilipili."

"Pilipili gani inanuka choo cha kituo cha mafuta?"

Lidia alinusa moja. Akanusa nyingine. Aliwahi kuinusa harufu ile, siku alipowaokota ndege wake. Alimtazama tu mumewe, na Ezio, ili kuthibitisha kwamba hakuna kitu, akakata vipande vitatu vinene akavila mbele yao, huku anasifu. Siku mbili hakutoka chooni. Salami zote hamsini na nane, nguruwe mzima wa Bepi, zilichimbiwa shimo na kufukiwa. Bepi hakukanyaga tena pale.

"Sasa hivyo ndivyo ulivyowamaliza," Lidia alimwambia mlangoni mwa choo. "Sikio la kufa halisikii dawa, na wewe hata dawa yenyewe huijui."

"Lakini mchwa wameisha," sauti ikajibu kutoka ndani.

Mwisho wa mwezi wa tisa lori liliingia uani. Renata alishuka wa kwanza, kisha wasichana, mmoja wa miaka tisa na mmoja wa sita, wakapanda ngazi wanakimbia wakamwangukia bibi yao. Lidia alikuwa amepika tangu alfajiri. Kwa muda wa saa moja, nyumba ile ilikuwa na furaha ambayo haijawahi kuwa nayo, na Ezio alizunguka anafungua milango na kusema hapa babu yenu alifanya hivi, hapa babu yenu alifanya vile.

Callum na dereva walianza na kitanda cha wasichana. Walikiingiza chumba cha manjano, wakakiegemeza ukutani wapumue. Kilizama. Hakikudondoka, hakikupiga kelele, upande wake mmoja uliingia tu ndani ya ukuta, na rangi ya manjano ikapasuka. Callum aligusa ule mpasuko kwa kidole gumba, na gumba likaingia lote. Nyuma ya rangi hapakuwa na ubao. Palikuwa na udongo mkavu, na karatasi karatasi za mti, na mchwa.

Callum aliwatoa watoto barazani, akamwuliza Lidia namba ya fundi, na Lidia akaitaja kwa moyo.

Karina hakuhitaji hata kutambaa. Alianza chumba cha manjano, akaenda cha pili, akaenda kwenye korido, na kila alipochoma bisibisi ilizama hadi kwenye mpini. Alipanda juu ya dari na tochi, akashuka taratibu akiangalia anapokanyaga.

"Kuta za nyuma zote," alisema. "Na mbao mbili za paa. Kwa jinsi walivyokula, wana miezi humu. Waliingia hapa walipofukuzwa kule chini." Hakumtazama Ezio. Hakuhitaji. "Inaweza kutengenezwa, ila ni kazi kubwa, na kwanza nianze upya kuua kichuguu. Vyumba hivi mtu asilale."

"Kule chini?" Renata aliuliza. "Walifukuzwa lini?"

Jikoni supu ilikuwa inachemka, ikamwagika kwenye moto, hakuna aliyeenda kuiangalia.

"Mwezi wa sita," Karina alisema mwisho. "Nilimwomba mzee asiwaguse. Wakati ule ukuta ulikuwa mzima."

"Mwezi wa sita," Renata alirudia. "Baba. Nilikuuliza mwezi wa sita."

"Niliwamaliza," Ezio alisema. "Nilipulizia kila mahali. Kopo zima! Makopo matatu! Labda hawa ni wengine. Kesho nikinunua ile kali zaidi, nikatoboa matundu madogo hapa na hapa..."

"Baba, nyamaza."

Akanyamaza. Binti yake hajawahi kumwambia hivyo tangu azaliwe.

"Tumeacha nyumba," Renata alisema, na sauti ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka. "Watoto wameacha shule, marafiki, kila kitu. Kwa sababu uliniambia nyumba safi. Sitaki unieleze kopo. Nina swali moja, na unijibu kweli. Mimi nilipokuwa wa miaka sita nililala chumba hicho. Ungekuwa unajua ukuta uko hivi, ungenilaza humo?"

Ezio aliutazama ukuta. Mchwa walikuwa wanaziba ule mpasuko, wanabandika udongo chembe kwa chembe, hawana habari na mtu. Hiyo kazi waliifanya vizuri kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya yeye, na nadhani kwa mara ya kwanza aliliona hilo. Alifungua mdomo, na kila mtu akajua anataka kubisha.

"Hapana," alisema.

Renata alitikisa kichwa, akatoka barazani, akamwambia dereva asishushe kitu kingine. Dada yake Callum alikuwa na nyumba Townsville, mwendo wa saa moja na nusu, wangekaa kwake hadi wapate ya kupanga, na Callum angekuwa anakuja kazini kwa gari. Walikitoa kitanda ukutani wakakirudisha kwenye lori. Mjukuu mdogo aliuliza kwa nini wanaondoka na chakula hawajala.

Lidia alizima jiko. Aliingia chumbani, na Ezio akasikia mlango wa kabati, kisha droo. Alitoka na mkoba, kandambili mkononi, viatu vya kanisani miguuni, na vidonge vyake vya presha ndani ya mfuko wa plastiki.

"Unakwenda wapi?" Ezio aliuliza.

"Kwa wajukuu wangu."

"Utarudi lini?"

"Ukuta ukirudi."

"Lidia, sikiliza, mimi mwenyewe nitautengeneza, nitaanza kesho asubuhi..."

Lidia alikuwa ameshashuka ngazi ya tatu. Alisimama, akageuka, akamtazama mumewe kwa muda, na halikuwa jicho la hasira. Hasira ingekuwa nafuu.

"Ndicho ninachokiogopa," alisema, akaenda kupanda lori, akakaa katikati ya dereva na mlango, na mjukuu mdogo juu ya mapaja yake.